Mkaa Haukufyonza

Ripoti ile haikuwa na kosa hata moja la tahajia. Kila neno la Kiingereza lililokuwemo lipo kwenye kamusi, na kompyuta ilikuwa imeipitia yote bila kuacha mstari mwekundu. Hata hivyo pipa la kuchujia maji lililojengwa kwa kuifuata lilifanya kazi kwa muda mfupi tu, kisha maji yakarudi kuwa yale yale ya kisimani. Aliyeiandika ni kijana wa shahada ya uzamili katika chuo kimoja cha kaskazini mwa Tanzania. Ameniruhusu kusimulia mradi nisimtaje yeye wala chuo chake. Nasimulia kwa sababu kazi yangu ni kupitia ripoti za wanafunzi wa sayansi kabla hazijachapwa, na wengi wao naona wanapita njia hiyo hiyo.

Wakazi wa miteremko ya Mlima Meru hawahitaji kuelezwa floraidi ni nini. Wanaiona kwenye meno ya watoto wao, yanayoota na madoa ya kahawia ambayo hakuna mswaki unaoyaondoa. Madini haya hutoka kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa na kuingia katika maji ya chemchemi na visima. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, lakini katika maeneo kama Maji ya Chai na Ngarenanyuki vipo vyanzo vinavyokivuka kiwango hicho kwa mbali. Anayekunywa maji hayo miaka mingi tangu utotoni huathirika hata mifupa: viungo hukakamaa, mgongo huwa mgumu, na miguu ya mtoto inaweza kupinda. Kuchemsha hakusaidii chochote. Mvuke unapoondoka floraidi inabaki sufuriani, na lita iliyosalia inakuwa na floraidi nyingi kuliko ile ya mwanzo.

Njia mojawapo ya kuyasafisha ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri lisiloingiza hewa nyingi mpaka iwe myeusi, kisha husagwa na kuchekechwa ili zipatikane chembe ndogo kama mchanga wa kujengea. Ikiungua kupita kiasi huwa nyeupe na nguvu yake hupungua. Isipoiva, maji hutoka na harufu. Kituo cha Ngurdoto, Arumeru, kimeutafiti mkaa huu kwa miaka mingi, na nchini Kenya umetengenezwa Nakuru.

Ndani ya pipa hutokea jambo ambalo macho hayalioni. Sehemu kubwa ya mfupa uliochomwa ni madini ya kalsiamu na fosfeti, yenye haidroksidi kwenye uso wake. Maji yanapopita katikati ya chembe, floraidi hunasa kwenye uso huo, mara nyingi ikikalia nafasi ya haidroksidi inayotoka. Wanakemia huuita mwenendo huo "adsorption". Jina hilo lilianza kutumika mwaka 1881 katika maandishi ya mwanafizikia Mjerumani, Heinrich Kayser, aliyekuwa akieleza namna gesi zinavyoshikamana na uso wa vitu vigumu. Kuingia ndani kabisa ya kitu, kama maji yanavyoingia kwenye sifongo, kulikuwa tayari na jina lake la zamani, "absorption". Tofauti ya majina hayo mawili ni herufi moja tu, d mahali pa b.

Kijana wetu alilijua vizuri jina la mwenendo aliokuwa akiutafiti. Lilikuwa kwenye kichwa cha ripoti yake, kwenye muhtasari, na kwenye vichwa vya majedwali. Kazi yake ya maabara ilikuwa safi. Tatizo lilimjia aliposhika sura ya majadiliano, pale mwandishi anapotakiwa kusema kitu gani kinafanya nini. Alihitaji kitenzi na hakuwa nacho. Katika vitabu alivyosoma neno hilo alilikuta kama jina, naye hakuwahi kuulizwa mtihanini zaidi ya maana yake. Akakata mkia, akaandika "adsorp". Mstari mwekundu ukatokea. Alipobofya, kompyuta ikampa maneno mawili ya kuchagua, "adsorb" na "absorb". La kwanza hakuwa amelizoea, akadhani ni makosa ya chapa. La pili alikuwa nalo tangu kidato cha kwanza. Akalichagua, akaamuru libadilishwe kila mahali, na mistari yote myekundu ikaondoka kwa mpigo.

Kuanzia hapo ripoti ikawa na sayansi mbili. Majina yake yalisema floraidi inanasa juu ya uso wa mkaa. Vitenzi vyake vilisema inazama ndani ya mkaa. Msimamizi aliipitia akitafuta hesabu na grafu, na hesabu zilikuwa sawa. Mfadhili akaomba muhtasari wa Kiswahili kwa ajili ya kamati ya maji ya kijiji, kurasa chache za maelekezo zisizo na majedwali. Kijana akazitoa kwenye majadiliano, penye sentensi zenye vitenzi, kwa kuwa ndizo zinazotafsirika kwa urahisi. Kila penye "absorb" akaandika "hufyonza". Hakukosea kutafsiri. Kitu alichokitafsiri ndicho kilichokuwa na kosa.

Maelekezo yakamfika fundi wa kijiji, mzee mwenye uzoefu wa mabomba na matangi, mtu makini anayesoma karatasi mpaka mwisho. Miezi ikapita. Siku moja kijana akaenda kupima maji na kukuta floraidi ya koki inakaribia ile ya kisima. Akaomba pipa lifunguliwe. Ndani alikuta vipande vya mkaa vikubwa kama kokoto, na juu ya turubai kando yake vingine vimeanikwa juani.

"Shikamoo mzee. Mbona mkaa haujasagwa?"

"Marahaba, mwanangu. Kusaga kunatutoa jasho bure. Si mmeandika mkaa unafyonza? Pande kubwa linafyonza zaidi kuliko punje."

"Na hivi vilivyoanikwa?"

"Hivyo vimejaa. Kitu kinachofyonza kikijaa unakikamua, na kisichokamulika unakianika. Vikikauka tunavirudisha."

Kijana ananiambia alikosa la kusema, kwa kuwa hoja ya mzee ilikuwa nzuri kuliko ripoti yake. Mzee alichukua kitenzi alichopewa akakifuata mpaka mwisho. Kama mkaa ungekuwa unafyonza kwelikweli, ukubwa wa pande ungesaidia na kuuanika kungekuwa na mantiki. Lakini ikiwa kazi inafanyika kwenye uso, basi uso ndio mali, na ukisaga pande moja kuwa punje elfu unaufungulia maji uso mkubwa zaidi, tena ulio karibu. Kuanika hakuondoi floraidi hata kidogo, kwa sababu kinachokauka ni maji na floraidi haiendi nayo. Mkaa uliochoka hubadilishwa, au husafishwa kwa maji yaliyochanganywa na kiasi kidogo cha kostiki, ile soda ya watengeneza sabuni, inayorudisha haidroksidi mahali pake na kuitoa floraidi, kisha husuuzwa vizuri. Yote hayo yamo ndani ya "adsorb", na hakuna hata moja lililomo ndani ya "absorb".

Watu waliosikia kisa hiki hukimbilia kuilaumu kompyuta. Mimi siilaumu. Ilimpa neno sahihi na neno lisilo sahihi, yeye akachagua. Wala simlaumu sana kijana. Lawama yangu naielekeza kwenye namna tunavyofundishana sayansi. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali Tanzania hujifunza sayansi kwa Kiswahili, kisha akiingia kidato cha kwanza masomo yote hayo hugeuka kuwa ya Kiingereza. Anachokutana nacho kwanza ni vichwa vya habari: "osmosis", "diffusion", "mitosis", "electrolysis". Chini ya kila kichwa kuna maana inayoanza na maneno yale yale, kwamba huu ni mwenendo ambao kwao jambo fulani hutokea. Anaikariri neno kwa neno, anaiandika mtihanini, anapata alama. Anaweza kufika chuo kikuu akiwa na mamia ya majina ya namna hiyo, na asiwe amewahi kutunga sentensi moja ambamo chembe, mmea au asidi inatenda jambo.

Na Kiswahili chetu kinamfanya aamini kwamba kitenzi kipo tu, kinasubiri kuchomolewa. Kwetu kitenzi ndicho mzizi. Ukishika "chuja" umeshika chujio, mchujo, uchujaji na mchujaji; ukipewa jina lolote kati ya hayo unarudi kwenye "chuja" bila kufikiri. Istilahi nyingi za sayansi za Kiingereza zilizaliwa kinyume. Mtaalamu aliona jambo jipya, akaliundia jina kutoka Kigiriki au Kilatini, na kitenzi kikafuata baadaye kwa njia yake, au hakikufuata kabisa. Wachache walikumbuka kutoa vyote viwili pamoja. Michael Faraday, mwaka 1834, alipotangaza istilahi zake mpya za umeme na kemia huko London, aliwapa wasomaji "electrolyte" na katika andiko hilo hilo akawapa kitenzi, "electrolyze". Natamani kila mvumbuzi angefanya hivyo.

Kwa hiyo mwanafunzi anaufuata mkia wa jina, na mkia haumwambii yote. Chukua yale yanayoishia na "-lysis". Hapo njia ni moja: "analysis" hutoa "analyse", "hydrolysis" hutoa "hydrolyse", "electrolysis" hutoa "electrolyse". Waingereza, ambao maandishi yao ndiyo tunayoyafuata Tanzania na Kenya, huandika kwa s. Wamarekani huandika kwa z, kama Faraday alivyoandika, na jarida la Marekani litakudai z. Lakini toka hatua moja nje ya "-lysis" uone. "Photosynthesis" hutoa "photosynthesize". "Metastasis", kusambaa kwa saratani mwilini, hutoa "metastasize". "Metamorphosis" hutoa "metamorphose". Yote yanaishia na "-sis", na hakuna kanuni ya mkia itakayokwambia lipi linachukua "-ize" na lipi halichukui.

Kwa majina yenye asili ya Kilatini dalili ni nzuri zaidi, na hapa ndipo kijana wetu angeokoka. Kitenzi cha Kilatini "sorbere" kina b ndani yake, nacho kilimaanisha kufyonza au kunywa kwa kuvuta. Ile p ya "absorption" ilikuja kwa sababu ya t inayoifuata. Matamshi ndiyo yaliyoivuta. Jina likirudi kuwa kitenzi t inaondoka na b inarudi mahali pake. Jambo hilo hilo limo katika "transcription" na "transcribe", "description" na "describe". Kijana aliyajua yote manne. Angeliweka "adsorption" kando ya "absorption", ambalo kitenzi chake alikijua, angepata "adsorb" mwenyewe bila kuuliza mtu, na pia angeona kwamba lugha imeyaweka maneno haya mawili kuwa ndugu wasiofanya kazi moja. Vivyo hivyo "erosion" hutoa "erode", "corrosion" hutoa "corrode", na "adhesion" hutoa "adhere".

Mitego mibaya kuliko yote ni ile inayokupa neno halali lenye maana nyingine, kwa kuwa hapo hakuna mstari mwekundu wa kukuamsha. Nimeona mwanafunzi akiandika kwamba aliitatua chumvi ndani ya maji, kwa sababu "solution" ilimpa "solve", ilhali chumvi ndani ya maji ni kazi ya "dissolve". Nimeona sumaku ikiapishwa: "induction" ya fizikia hutoa "induce", na "induct" ni kumwingiza mtu rasmi katika chama au wadhifa. Iodini iliyopashwa moto ikageuka mvuke bila kupitia umajimaji, vitabu vya kemia husema "sublimes". "Sublimate" kama kitenzi limekaa zaidi kwa wanasaikolojia, wanaozungumzia mtu anayegeuza tamaa zake kuwa kazi yenye faida. Na spishi iliyotoweka duniani haikufanyiwa "extinguish", ambalo ni neno la kuzima moto. Inasemwa "became extinct", kwa kivumishi, na hapo unakuta hata Kiingereza chenyewe kimeshindwa kupata kitenzi kinachofaa kwa ajili ya "extinction" kikatafuta njia nyingine.

Kukosa kitenzi hakumaanishi lugha ina upungufu. "Mitosis" haina kitenzi kinachotumika, na wanabiolojia hawalalamiki: wanasema seli inagawanyika, "divides by mitosis". Maji "moves by osmosis". "Apoptosis", kifo cha seli kilichopangwa na mwili wenyewe, kilipewa jina hilo mwaka 1972 na Kerr, Wyllie na Currie, na katika makala nyingi seli bado "undergoes apoptosis". Kitenzi cha kawaida cha mtaani, kama "divide" au "move", kikishikwa vizuri hueleza zaidi kuliko kitenzi cha kuundwa ambacho msomaji atasimama kukishangaa. Nawapenda waandishi wasioona haya kutumia maneno hayo madogo.

Wala sisemi kukata mkia ni dhambi. "Diagnose" lilipatikana hivyo hivyo kutoka "diagnosis", na leo hakuna daktari anayelionea shaka. Theodore Maiman alipowasha leza ya kwanza huko California mwaka 1960, "laser" lilikuwa neno lililoungwa kwa herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza. Mwisho wake ulifanana na "-er" ya mtendaji, wahandisi wakaukata, wakapata "lase", nalo lipo kwenye kamusi. Tofauti ya "lase" na "adsorp" ni kwamba la kwanza lilikubaliwa na wanaofanya kazi hiyo, wakalitumia wao kwa wao mpaka likazoeleka. Mwanafunzi anayeandika tasnifu hana mamlaka hayo, na msomaji wake hana muda wa kumzoea.

Nikikaa na mwandishi ripoti ikiwa mezani, kwa hiyo, nampa kazi ndogo kabla ya kamusi. Namwambia aniambie kwa Kiswahili cha nyumbani kitu gani kinafanya nini, na wapi. Floraidi inanasa, kwenye uso, wa chembe ya mkaa. Akishindwa kusema hivyo, tatizo halipo kwenye Kiingereza chake, na hakuna kamusi itakayomsaidia. Arudi kwenye kitabu cha kemia. Akiweza, ndipo tunatafuta. Kamusi kubwa ya wanaojifunza lugha huonyesha jina na kitenzi chake katika ukurasa mmoja, pamoja na sentensi ya mfano. Baada ya kamusi tunafungua makala tatu au nne za wataalamu wa fani yake yeye, maana wahandisi wa maji na wanabiolojia hawasemi sawa, na tunatazama kitenzi hicho kimekaaje katika sentensi zao.

Katika kutazama huko, jicho liwe kwenye neno dogo linalofuata kitenzi. Wanaoandika juu ya mkaa wa mifupa huandika "adsorb onto", juu ya. Wanaoandika juu ya sifongo huandika "absorb into", ndani ya. Chumvi ni "dissolve in", gesi ni "diffuse through", asidi ni "react with". Vihusishi hivi ndivyo ushahidi wa kwamba umeelewa jambo lilivyo, na mhakiki mzuri huvisoma kwanza. Jicho liwe pia kwa mtenda. Utakuta mmoja kaandika kwamba mkaa "adsorbs" floraidi, na mwingine kwamba floraidi "adsorbs onto" mkaa. Zote mbili zinakubalika katika fani hii; muhimu uchague moja na usibadilishe katikati ya aya, msomaji asije akadhani umeanza kueleza jambo jingine.

Kila kitenzi kikipatikana kiandikwe daftarini pamoja na jina lake, mtenda wake, mtendwa wake na kihusishi chake, kwa sentensi nzima, ya jambo ambalo mwandishi amelifanya kwa mikono yake maabara. Na pale ambapo kamusi haina kitenzi, wataalamu nao hawana, basi jina libaki jina: aandike "undergo", au "by" pamoja na kitenzi cha kawaida, aendelee na sentensi inayofuata.